Kibali cha Barabara Inayoyeyuka

Mwadime, ndugu yangu,

Ile pikipiki yako ya theluji nimeiuza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujauliza hali ya mke wako, na mimi ningekukemea, na wewe ungecheka. Aliyeinunua ni bwana mmoja wa Fort Worth ambaye kila mwaka hupeleka familia yake Colorado. Alikuja kwenu Garland, karibu na Dallas, mwezi wa nane, jua likiwa limeshika kazi yake, akaizunguka pale gereji huku akijifuta jasho kwa fulana, akauliza mtu wa hapa alikuwa akifanya nini na chombo cha kuteleza juu ya theluji. Mkeo Grace akamwambia aniulize mimi. Nikamwambia ulikuwa dereva wa malori. Akatikisa kichwa kana kwamba hilo limeeleza kila kitu.

Kisha akagusa ile stika ya kibali cha kupita njia za theluji uliyoibandika mbele, akauliza kama bado inafanya kazi. Hapo ungenisikia, Mwadime. Mimi ambaye sijawahi kukalia kile kiti hata kwa kupigwa picha, nilimweleza kwamba kibali ni cha msimu, na ni cha jimbo lile la kaskazini tu, na kwamba akitaka kwenda kule ulikokuwa ukienda wewe, asikimbilie kununua kibali moja kwa moja. Ajiunge kwanza na klabu inayotunza njia, alipe ada yao, ndipo anunue kibali, kwa sababu mwanachama huuziwa kwa bei ya chini, na ukijumlisha vyote hupati hasara. Yule bwana akanitazama kwa heshima. Grace naye akanitazama, lakini si kwa heshima. "Wifi, kumbe ulikuwa unasikiliza," akasema.

Nilikuwa nasikiliza, ningefanya nini? Kila vuli ulinipigia simu nikiwa natoka zamu, gari langu limekwama kwenye foleni kati ya hospitali na kwangu Pearland, ukijua vizuri kwamba siwezi kukimbia. "Dada, nime-renew," unasema. Husemi habari za jioni. Unaanza na kibali, unakwenda kwa ada, unamalizia na bei ya dizeli ya trekta yenu ya kusawazisha theluji, na mimi nafika nyumbani nikiwa nimejua mambo ya trekta ambayo hakuna muuguzi mwingine Houston anayeyajua.

Acha nikukumbushe ulivyoanza, maana ukisimulia wewe ulikuwa unatia chumvi. Ulikuwa umepeleka mzigo wa vipuri kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, theluji ikaanguka mpaka barabara kuu ikafungwa. Malori yakapangwa pembeni yamezimwa. Akaja mama mmoja mwenye mvi amepanda pikipiki ya theluji, anagonga mlango wa kila lori, anawachukua madereva mmoja mmoja kuwapeleka kwenye ukumbi wenye moto na supu. Huyo ndiye Carol, mwenyekiti wa klabu. Ulimuuliza imekuwaje yeye anapita mahali ambapo serikali yenyewe imeshindwa kupita. Akakwambia njia ile hutengenezwa na klabu. Ukauliza nani analipa. Akasema, sisi. Mimi husema hapo ndipo walipokunasa.

Wewe ulisema hapo ndipo ulipokumbuka nyumbani. Barabara ya kupanda kwetu Wundanyi, mvua ikishaichimba, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Asiye na nguvu huleta uji. "Dada, ni kitu kile kile. Serikali iko, lakini mwenye jembe ni jirani." Ulilisema hilo mara nyingi sana, na mimi nilikujibu mara nyingi vile vile kwamba kule Wundanyi hatukuwa tunachimba barabara ili watu wazima wakaiendeshe kwa kelele na kurudi walikotoka.

Bado nina maoni hayo, usidhani kufa kwako kumenibadilisha. Nilihesabu kibali, ada, bima, mafuta ya kuvuta trela kutoka Texas hadi huko juu, na likizo yote ya mwaka, kwa ajili ya wiki moja ya kupanda. Nyumba yenu ilikuwa inavuja juu ya jikoni. Nikakwambia wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayelipia barabara inayoyeyuka. Ukanijibu kwamba mimi nalipia barabara za kulipia za Houston, haziyeyuki, na bado kila siku nazilaani. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Ukawa unanieleza pesa zinakokwenda, kana kwamba mimi ni mkaguzi. Sehemu ya kibali hurudi kwa klabu kulingana na urefu wa njia wanayoitunza. Haitoshi. Ndiyo maana kuna ada, na ndiyo maana kuna kuuza maandazi yao yale yenye tundu, na kuna siku za kazi ambapo wanachama huenda kukata matawi na kusimika alama bila malipo. Ukasema mtu anayenunua kibali tu amelipia safari yake, lakini anayejiunga na klabu amelipia na ya mwingine. Nilikwambia uache kuhubiri, una mchungaji wa kukufanyia hivyo.

Na ile baridi iliyokata umeme Texas nzima, unakumbuka? Garland yote imeganda, majirani wamejifungia, na wewe una chombo cha theluji gereji. Grace akakuomba uende dukani ukatafute mkate. Ukakataa! Eti kibali chako si cha Texas, na huwezi kupita kwenye barabara ya jiji bila ruhusa. Mke wako akakaa siku nzima hakusemeshi. Mimi niliposikia nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, huku Pearland nimejifunika mablanketi na maji yamekatika. Ulikuwa mtu wa kuudhi sana, Mwadime. Lakini ulikuwa mnyoofu.

Sasa nikwambie yaliyotokea ulipoondoka.

Moyo wako ulisimama mwezi wa nne, pale nje ya nyumba, ukiteremsha vitu vya sokoni kutoka kwenye gari. Jirani ndiye aliyekuona. Nilipata simu nikiwa kazini, nikaomba ruhusa, nikashika barabara kuu ya I-45 mpaka Dallas bila kusimama mahali. Sikulia. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, nimesimama kando ya madaktari wakitoa habari hizo kwa watu wengi, na huenda nilijiambia hii ni zamu nyingine tu. Nilifika, nikamshika Grace, nikauliza makaratasi yako wapi.

Jioni yake nyumba ilijaa. Magari yalipangwa mpaka kwenye kona, viatu mlangoni, sufuria za chai kwenye kila jiko. Bwana Ogutu akashika uenyekiti wa kamati ya mazishi, unavyojua kila msiba wa Mkenya upande huu ni wake. Akafungua kwa maombi, kisha akauliza lile swali linaloulizwa kila mahali: marehemu alikuwa kwenye vikundi gani? Ni utaratibu. Kila kikundi kipigiwe simu, kitoe rambirambi, mwili ufike nyumbani. Grace akataja kikundi cha Wataita, kikundi cha madereva, kikundi cha wanaume wa kanisa. Halafu akasema, kwa uchovu tu, "Na kile chama chake cha snow. Huko alikuwa analipa kila mwaka. Hajawahi ku-miss."

Nilimwona Bwana Ogutu akinyooka kwenye kiti. Chama cha Wazungu, na marehemu kakilipa miaka yote hiyo bila kukosa, na hajawahi kuchukua kitu! Watu sebuleni wakatazamana. Mtu akasema hao watakuwa na kitita. Mwingine akasema watu wa namna hiyo huwa na bima ya mwanachama. Nilijua. Nilikuwa mtu pekee ndani ya nyumba ile aliyejua pesa zile ziliishia kwenye tangi la trekta, na ningesema, lakini Bwana Ogutu alikuwa ameshapata namba kwenye simu yako na ameshaweka sauti kubwa ili kamati nzima isikie.

Carol alipokea akidhani ni wewe. Akakuita kwa jina, akakuuliza joto la Texas linakutendaje. Bwana Ogutu akajitambulisha kirefu, kwa Kiingereza chake cha mahakamani, kwamba yeye ni mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya mazishi ya mwanachama wao mpendwa, na angependa kufahamu klabu imeweka utaratibu gani kwa mwanachama aliyetangulia mbele ya haki, akizingatia kwamba marehemu hakuwahi kuwa na malimbikizo.

Tulidhani simu imekatika. Kisha tukamsikia yule mama analia, analia hasa, na watu walioshika vikombe vya chai wakainamisha vichwa. Alipopata sauti aliomba radhi, akasema hawana utaratibu huo. Klabu haina akiba. Wana trekta moja ya zamani, wana daraja la mbao linalohitaji mbao mpya, ada yote huishia huko. Akasema daraja lile wewe ndiye uliyekuwa ukilikarabati pamoja nao kila vuli, mzigo ulipokupeleka upande ule. Bwana Ogutu, ambaye hafi moyo upesi, akauliza kwa upole kama hata kamati ndogo ya dharura haingeweza kukaa. Nikainuka nikamwomba simu.

Nilizungumza na Carol nikiwa nimesimama gereji, kando ya ile pikipiki. Nikamweleza jinsi sisi tunavyofanya, kwamba kwetu mtu akichanga na wenzake, akifa wenzake humbeba. Akasikiliza. Akasema kwao mtu akichanga, njia hufunguka, basi, hawakuwahi kufikiria zaidi ya hapo. Baada ya siku chache Grace akapata kwenye simu mchango mdogo kutoka kwa Carol mwenyewe, na ujumbe wa kuuliza kama amefanya ipasavyo. Bwana Ogutu akautangaza kwenye maombi: "Kutoka kwa chama cha theluji." Watu wakapiga makofi. Na tangu hapo, nasikia, kwenye kila msiba anauliza vikundi vya marehemu, kisha anaongeza, "Pamoja na vya Wazungu."

Ulifika nyumbani salama. Watu wengi waliochanga ili ufikishwe hawakukujua. Kuna mwanafunzi mmoja Mtanzania aliyetoa nauli yake ya wiki kwa sababu tu alisikia jina lako likitangazwa. Tulikuzika Wundanyi mvua ikinyesha, na vijana wa kwetu walikuwa wametangulia na majembe kutengeneza ule mwinamo ili gari lililokubeba lipande. Niliona, nikakaza uso. Shangazi alinishika mkono akaniambia nilie, si dhambi. Nikamwambia nitalia nikipata nafasi, akanitazama kama mgonjwa.

Nikarudi kazini. Grace ameamua kuhamia Pearland, amepata kazi huku na watoto watakuwa karibu nami. Ndiyo maana nyumba ya Garland ilibidi iondolewe vitu, na pikipiki ikauzwa. Pesa yake Grace ameiweka kwa ajili ya kaburi, lijengewe vizuri kabla ya mvua zijazo. Nilidhani mambo yako ya theluji yameishia hapo.

Mwezi wa kumi Carol akanipigia. Nilikuwa kwenye foleni ile ile, saa ile ile uliyozoea wewe. Akazunguka weee, akanieleza hali ya hewa, akanieleza trekta, mpaka nikamwambia mama, sema tu. Akasema, Harold hajaambiwa.

Harold nilimjua kwa hadithi zako. Ni yule mzee mwenye shamba ambalo njia yenu inapita katikati yake. Njia hizo nyingi hupita kwenye mashamba ya watu, kwa hisani ya mwenye shamba, naye akisema hapana basi ni hapana, hakuna kibali cha serikali kinachoweza kumlazimisha. Kabla hujajiunga, wapanda pikipiki wasio na adabu walikuwa wamekata ua wake, naye akafunga lango. Klabu ikabaki na njia mbili zisizokutana. Walimwandikia barua za heshima, hakujibu. Wewe majira ya baridi ya pili ukafika kwenye lango lile lililofungwa, ukazima injini, ukatembea kwa miguu kwenye theluji mpaka mlangoni kwake ukabisha hodi. Akakuuliza umepotea? Ukamwambia hapana, ila kwenu mtu hapiti nyuma ya nyumba ya mtu bila kumsalimu. Ukakaa, ukanywa kahawa yake chungu, hukutaja lango kabisa. Mwaka uliofuata akalifungua. Na kila vuli tangu hapo neno lake la ruhusa amekuwa akilitoa kwako, ana kwa ana, baada ya kahawa.

Sasa vuli imefika, akasema Carol, na Harold anauliza utakuja lini. Yeye Carol amekwenda mara mbili kumwambia, na mara zote mbili amezungumzia mvua akarudi. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba anadhani habari ile inapaswa kutoka kwa watu wako, na kwamba bila Harold msimu wa mwaka huu njia itakatwa tena pale katikati, na klabu itapoteza wanachama, kwa maana nani atajiunga na kulipia njia inayoishia kwenye ua.

Nilimweleza Grace jikoni kwangu. Nilitaka anisaidie kupanga maneno ya kusema kwa simu. Akaacha kukatakata sukuma wiki, akanitazama. "Wifi, mzee kama huyo anaambiwa kwa simu? Mtu huenda. Na mimi siwezi kwenda, nimeanza kazi juzi." Halafu akaendelea kukata. Wewe ulioa mwanamke mwenye maneno machache na mazito.

Basi nikaenda. Nilipanda ndege kutoka Houston nimevaa koti lako, lile la rangi ya chungwa, Grace alikuwa hajaligawa. Carol akanipokea uwanjani. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, na anaendesha gari vibaya. Theluji ilikuwa bado haijashika, majani tu yamelowa, na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Njiani akanionyesha lile daraja lako la mbao. Nikasema ni zuri. Ni daraja tu, Mwadime, lakini niliteremka nikalivuka kwa miguu kwenda na kurudi, na sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Tulipofika kwa Harold, Carol alibaki ndani ya gari. Mimi nikapanda ngazi nikabisha. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa Kiingereza, jinsi tunavyofundishwa kazini: uketi, useme jina, useme neno lenyewe la kifo bila kulizungusha, kisha unyamaze. Nimewafundisha wauguzi wapya kufanya hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Ni mzee mrefu, amevaa soksi bila viatu. Aliliona koti kwanza. Uso wake ukafunguka wote, kisha akaniona mimi, akaniangalia kidogo kwa adabu, kisha akatazama nyuma yangu, kule kwenye gari, akikutafuta.

Sikuweza kusema kile nilichopanga. Kiingereza chote kilinitoka. Nilisema, "Mwadime ametuacha," kwa Kiswahili, mbele ya mtu ambaye hajui neno lake hata moja isipokuwa jina lako. Na nikaanza kulia pale mlangoni, ndugu yangu. Sikulia Garland, sikulia Wundanyi kwenye matope, nikaja kulia kwa mzee wa watu aliyevaa soksi, kwa sauti, mikono imeshika koti lako. Hakuhitaji kutafsiriwa. Alishuka akaketi kwenye ngazi ya juu, akanivuta mkono na mimi nikaketi, na tukakaa hapo kwenye baridi mpaka tulipoweza kuinuka.

Aliniingiza ndani akatengeneza kahawa. Ni mbaya kama ulivyosema. Akauliza umezikwa wapi, nikamwambia. Akauliza mwili huenda vipi mbali hivyo, nikamweleza kuhusu kamati, na Bwana Ogutu, na yule mwanafunzi aliyetoa nauli yake. Akauliza kama wote hao walikuwa ndugu zako. Nikasema wengi hawakuwahi kukuona. Akakaa akigeuzageuza kikombe. Kisha akasema jambo moja ambalo nimekuja nalo mpaka Pearland: "Alikuwa mtu pekee aliyekuja mlangoni. Wengine nasikia injini tu."

Nilipoaga, Carol akaniuliza garini Harold amesemaje kuhusu shamba. Nikamwambia sikuuliza. Akashika usukani kwa mikono miwili akaniangalia. Nikamweleza kwamba mtu haendi kutoa habari ya msiba kisha akaomba kitu siku hiyo hiyo. Haifanyiki. Akasema kwa sauti ndogo kwamba msimu unafunguliwa karibuni na hakuna siku nyingine. Nikasema najua. Akawasha gari akanirudisha mjini. Alikuwa amenilipia nusu ya nauli ya ndege kutoka mfukoni mwake, mimi nimerudi na mikono mitupu, na hata hivyo nisingefanya vingine.

Nilisafiri asubuhi. Nilikuwa nimeketi uwanjani nikingoja kuitwa, Carol akapiga simu. Alikuwa amepita kwa Harold kumpelekea mkate. Akamkuta nje, mzee yule na mgongo wake, amelifungua lango lote na kulifunga kwa kamba lisijirudishe, na anapigilia mwenyewe vijiti vya alama kwenye mstari unaopita shambani. Hakumwambia Carol lolote kuhusu ruhusa. Alimuuliza swali moja tu: mwaka ujao atakuja nani?

Carol alisubiri jibu langu. Mimi si mtu wa kuahidi ovyo, unajua. Nina zamu, nina magoti, sipendi baridi, na bado naona kulipia theluji ni wazimu. Nikasema, "Mwambie ni mimi."

Nimejiunga na klabu yako. Carol aliniambia kibali sikihitaji kwa kuwa sina pikipiki, basi nimelipa ada peke yake, kwa jina langu, ya njia ambayo sitaipanda kamwe. Grace alinikuta nikilipa kwenye simu akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwezi wa nne, kwa hiyo kama ilikuwa hasara, si hasara kubwa.

Kwaheri, Mwadime. Nakuahidi nitakwenda kila vuli, na nitakwenda mapema, majani yakianza tu kuanguka. Yule mzee alikungoja tangu machipuko mpaka vuli bila mtu wa kumwambia, na maadamu mimi niko hai hatangojeshwa tena.

Dada yako,
Wakesho